Mbeleko ya Chuma

Bomu lile lilikuwa saruji tupu, halina hata chembe ya baruti, limepakwa rangi ya samawati ili hata mjinga ajue ni la mazoezi. Kazi yake hapa duniani ilikuwa moja tu, nayo ni kuanguka. Likapakiwa chini ya bawa, likapaishwa hadi juu ya uwanja wa shabaha, rubani akabonyeza kitufe, likagoma. Rubani akazunguka, akabonyeza tena, likagoma tena. Akaamua kurudi nalo. Na magurudumu yalipogusa lami tu, likaachia lenyewe bila kuombwa, likabingirika mbele ya gari la zimamoto na kupasuka vipande katikati ya njia ya ndege.

"Kumbe hata bomu linachagua pa kuangukia," alisema Kipara, fundi silaha ambaye kichwa chake hakikuwa na unywele hata wa kusingiziwa.

Hakuna aliyecheka. Mtu aliyezoea kucheka mizaha yake alikuwa tayari anakimbia kuelekea kwenye ndege. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo, kiongozi wa mafundi silaha, na kikosi kizima kilimwita Dada. Jina lenyewe lilianza kwa rubani aliyekuwa akishuka ngazi wakati huo, uso umemsawijika. Huyo alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na kikosini jina likamfuata kama jinsi majina ya nyumbani yanavyofuata watu wasioyataka.

"Nimebonyeza, Dada," Kitinda alisema kabla hajavua kofia. "Wallahi nimebonyeza."

"Najua," alisema Dada. Lakini hakujua. Hakujua lolote, na hilo ndilo lililomuuma.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mzigo kumgomea. Mara mbili za kwanza ulirudi umeng'ang'ania bawani, watu wakasema bahati mbaya. Mara ya tatu hakuna mtu anayesema bahati mbaya.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini watu wazima walikaa wakikuna vichwa, ni lazima ajue mzigo unabebwaje. Si jambo gumu; wakubwa ndio hulifanya gumu ili waendelee kuitwa wakubwa. Chini ya bawa kuna chuma kirefu ambacho vitabuni kina jina refu kukizidi chenyewe. Mafundi wa pale walikiita mbeleko, kwa kuwa kazi yake ni kubeba. Ndani ya mbeleko kuna ndoano mbili, na bomu lina pete mbili mgongoni. Unalinyanyua kwa toroli mpaka pete ziingie, ndoano zinajifunga zenyewe, ta! Lakini kitu kilichoshikwa kwa ndoano mbili tu hucheza, na kwa mwendo wa ndege kitu kinachocheza chini ya bawa kinaweza kuondoka na bawa. Kwa hiyo mbeleko ina mikono minne, miwili kila upande, na kila mkono una boliti yenye kiatu cha chuma. Unaikaza mpaka kiatu kikanyage bega la bomu, litulie kama mtoto aliyeshiba. Halafu kuna pini yenye utepe mwekundu, ambayo huzifunga ndoano zisifunguke wakati watu wangali chini yake. Pini ndiyo huchomolewa mwisho kabisa, na fundi huuinua utepe juu ili rubani auone.

Rubani akibonyeza kitufe, umeme unakwenda kwenye sumaku ndogo, sumaku inavuta wenzo, wenzo unafungua ndoano, mzigo unakwenda zake. Mbeleko kubwa zina fataki ya kuusukuma mzigo kwa nguvu. Hizi ndogo za mazoezi hazina. Zinategemea ile sumaku yao na rehema za Mungu.

Alasiri ile Dada na Kitinda waliitwa ofisini kwa Mkuu wa kikosi. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Pembeni yake aliketi Mhandisi, kijana ambaye maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi pamoja na shati lake.

"Mbeleko iliyogoma mara ya kwanza tuliihamishia ndege nyingine," Mhandisi alisema. "Ikaachia. Ndege aliyoirusha Kitinda tulimpa rubani mwingine. Ikaachia. Kitinda tukampa mbeleko mpya na ndege nyingine, ikagoma. Mzigo unapakiwa na mtu mmoja siku zote, naye ni Dada, na kwa marubani wengine wote unaanguka vizuri. Nimeondoa kila kinachoweza kuondolewa."

"Kimebaki nini?" Mkuu akauliza.

Mhandisi akatazama meza. Mkuu akakohoa, akajijibu mwenyewe. "Kimebaki kidole."

Dada alihisi Kitinda akikakamaa kwenye kiti cha pili. Hesabu ya Mhandisi aliirudia kichwani mbele na nyuma, kila safari inaishia palepale, kwenye kidole cha mdogo wake.

"Wapo marubani hodari ambao kitufe huwashinda," Mkuu aliendelea, si kwa ubaya. "Unakiogopa huko juu, halafu ukigusa ardhi mwili unalegea, kidole kinabonyeza chenyewe. Hilo la leo lilianguka hapo uwanjani. Maana yake ndoano zinafunguka. Au sivyo, Fundi?"

"Zinafunguka, Mkuu," alisema Dada. Lilikuwa jibu la kweli, na lilimtoka kama mate machungu.

Kesho yake wakafanya jaribio. Ndege ilisimamishwa ndani ya banda, magodoro ya sponji yakaazimwa kutoka bwenini na kutandikwa chini ya bawa. Dada akapakia mzigo mwenyewe. Akakaza boliti kwa spana ya kipimo, ile inayolia ka! ikifika panapotakiwa, na Mhandisi akapita nyuma yake akihakiki moja moja. Fundi umeme akaketi kwenye kiti cha rubani. Pini ikatoka.

"Bonyeza!"

Mzigo ukaanguka, puu! Godoro likatoa vumbi la miaka. Wakapakia tena, ukaanguka tena. Wakabadilisha mbeleko, ukaanguka. Wakajaribu mpaka Kipara akalalamika kwamba magodoro ndiyo yanayostahili posho, na kila mara mzigo ulikwenda chini kama uliotumwa.

Dada alisikia furaha. Kwa kitambo kidogo, alisikia furaha kwamba mikono yake haina kosa. Halafu akageuka akamwona Kitinda amesimama mlangoni mwa banda, akitazama magodoro, na furaha ile ikazima. Maana kama mkono wa dada hauna kosa, kidole cha mdogo ndicho chenye kosa, na hakuna njia ya tatu. Au ipo? Aliitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikamuuma. Mbona mzigo uliogoma angani ulianguka ardhini? Mbona ule uliorudi mara mbili za kwanza ulikuwa umekwama barabara, na boliti zake, alipozilegeza kama sheria inavyotaka kabla ya kuleta toroli, zilikuwa ngumu kidogo? Alidhani ni baridi ya huko juu. Chuma nacho kina baridi yake. Akaliacha wazo hilo lipite, kama watu tunavyoacha mgeni muhimu apite mlangoni kwa sababu hakubisha hodi kwa nguvu.

Nyumbani mama yao hakujua habari za ndoano wala sumaku, lakini alijua nyuso. Aliwawekea chakula, akawatazama wakila bila kula.

"Haya," alisema. "Nani kati yenu anasema uongo?"

"Hakuna, mama," alisema Dada.

"Nilibonyeza, mama," alisema Kitinda. "Nasikia mpaka ule mlio mdogo kwenye kofia, kwamba umeme umekwenda. Halafu nasubiri ndege iwe nyepesi, haiwi. Sasa wananiambia sikubonyeza. Jana nimekaa kitandani nakiangalia kidole hiki, najiuliza, labda kweli? Mtu anaweza kudhani amebonyeza kumbe hajabonyeza?"

"Usiseme hivyo," Dada alisema.

"Basi wewe niambie. Wewe ndiye fundi. Unaniamini mimi au unaamini magodoro?"

Dada alimwamini. Na aliyaamini magodoro. Vyote viwili vilikuwa kifuani mwake, vinapigana, na hakuna kilichokuwa kinashinda. Kitinda akasukuma sahani na kwenda nje.

Mama akatikisa kichwa. "Na hivi mtoto huyu umembeba wewe mgongoni kuliko nilivyombeba mimi. Ulikuwa unamfunga mbeleko mpaka anabadilika rangi. Nakwambia legeza, mtoto hapumui, unasema ataanguka, mama, ataanguka." Akacheka peke yake, akakusanya vyombo.

Mkuu alitoa uamuzi wake asubuhi iliyofuata. Kitinda ataruka mara moja zaidi, na Rubani Mkuu ataketi kiti cha nyuma amtazame mkono.

"Mzigo ukianguka," Mkuu alisema, "tumejua kwamba kidole kikisimamiwa kinafanya kazi, na siwezi kumwekea kila rubani msimamizi. Utahamia stoo ya matairi, Kitinda. Usipoanguka, na Rubani Mkuu akathibitisha kwamba umebonyeza, basi kosa liko chini ya bawa, na Dada atalijibu yeye."

Ama huyu ama yule, na wote wanakula jikoni kwa mama mmoja. Kuna wakubwa wana kipaji cha kugawa msiba sawasawa.

Siku ya kuruka ilikuwa kavu, haina upepo. Dada alipakia mzigo taratibu kuliko siku zote. Pete zikaingia, ndoano zikajifunga. Boliti nne, spana ya kipimo, ka! ka! ka! ka! Mhandisi akahakiki, akaridhika, akarudi kivulini. Kitinda alipita kwenda kwenye ngazi bila kumtazama dada yake. Akapanda. Rubani Mkuu akapanda nyuma yake. Injini ikawaka na kelele zikajaza uwanja.

Kwa kawaida hapo Dada hubaki peke yake chini ya bawa, Kipara akiwa ameinama mbele kuondoa vigingi vya magurudumu. Lakini siku hiyo Mhandisi, kwa tahadhari zake, alitaka mtu asimame karibu na mtungi wa kuzimia moto, na Kipara akasimama hatua chache tu kutoka kwenye mbeleko, hana la kufanya ila kutazama.

Dada akachunguza ndoano. Akagusa waya. Akaishika pini.

"We Dada!" Kipara alipiga kelele kuishinda injini. "Unafanya nini?"

"Nachomoa pini!"

"Na hiyo spana je?"

"Spana ipi?"

Kipara akaonyesha kwa kidevu. Dada akatazama mkono wake wa kulia. Ndani yake ilikuwamo spana ndogo iliyochakaa, ile inayoishi kwenye mfuko wa paja la ovaroli yake, na kinywa cha spana kilikuwa kimeuma boliti ya nne. Alikiangalia kitu kile kana kwamba mtu mwingine amekuja kumwekea.

"Umezungusha zote nne!" Kipara alisema, sasa amesogea sikioni kwake. "Nimekutazama. Umezipapasa moja moja, kila moja ukaipa mzunguko wake. Ndiyo utaratibu mpya?"

"Sijazungusha."

"Umezungusha, dada yangu. Mimi na macho yangu haya."

Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka ndoano, waya, pini. Katikati yake palikuwa patupu, hamna kitu, kama usingizi wa gari. Akaiweka spana kwenye boliti na kujaribu kuilegeza kidogo, haikutaka. Hata alipoiegemea haikusogea. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi, kupita sana, na hakuna mkono mwingine uliopita hapo.

Ndipo yakaanza kumjia, na hayakuja kwa mpangilio. Boliti ikikazwa mno, kiatu kinalisukuma bomu chini. Bomu likisukumwa chini, pete zinazivuta ndoano. Ndoano zikivutwa hivyo zinabana, na kasumaku kale kanavuta wenzo nusu tu, kanashindwa. Wenzo unabaki katikati. Kisha magurudumu yanagonga lami, mtikisiko unamalizia kazi. Lakini kwa nini marubani wengine... Akainua macho. Kupitia kioo aliona kofia ya Kitinda, na shingo ile nyembamba aliyoijua tangu ikiwa haiwezi kubeba kichwa. Marubani wengine hawakuwa watoto wake wa mgongoni. Kwao mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye pini. Na kwenye jaribio la magodoro, kiti kilikuwa na fundi umeme. Nani amkazie fundi umeme?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba mwenye nguo anaweza kuwa ndiye anayekilisha.

Ndege ilikuwa inasubiri utepe mwekundu. Dada akasimama chini ya bawa na akili yake ikagawanyika vipande. Akizilegeza boliti kimya kimya, mzigo utaanguka, na kuanguka kwake kutamhukumu Kitinda: mwaona, akisimamiwa anabonyeza. Akiziacha, mzigo utagoma, Kitinda atatakasika mbele ya shahidi, lakini atarudi kutua na jiwe la saruji linaloning'inia kwenye wenzo uliofunguka nusu, na safari hii pengine litaangukia mahali pabaya zaidi. Aliogopa. Miaka yote aliamini kwamba anajua mikono yake inafanya nini, na sasa hakuwa na hakika hata kwamba ataweza kuiinua anapotaka.

Akaiinua. Akatoka chini ya bawa mpaka mbele ambapo marubani wote wawili wangemwona, akakunja ngumi na kuzipishanisha juu ya kichwa. Zima.

Kupitia kioo alimwona Kitinda akimkodolea macho. Uso ule ulisema waziwazi: hata wewe, Dada? Hata nafasi hii moja? Kisha injini ikaanza kunyamaza.

Mkuu alifika akikohoa, Mhandisi nyuma yake. "Fundi, umeona hitilafu?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Iko wapi?"

Dada akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yao, spana bado imo. "Hapa. Kila mtu ananiona, ila mimi sijioni. Boliti nimezikaza baada ya ukaguzi. Namkazia mdogo wangu tu. Sijui tangu lini. Mkuu, kama hamniamini leteni magodoro, na mtu asiguse boliti zile."

Magodoro yakaletwa. Kitinda akaambiwa abaki palepale alipo. Dada mwenyewe akachomoa pini, watu wakasogea mbali.

"Bonyeza!" alisema Mkuu.

Kutoka ndani ya mbeleko ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayefyonza. Bomu halikutikisika.

"Kabonyeza," alisema Rubani Mkuu kutoka kiti cha nyuma. "Nimeona."

"Tena!"

Mlio uleule. Kitinda akabonyeza tena bila kuambiwa, na tena, na tena, mpaka Rubani Mkuu akamshika bega kumwambia inatosha. Alipovua kofia alikuwa analia, na hakujishughulisha kuficha. Pini ikarudishwa, Mhandisi akalegeza boliti mpaka kwenye kipimo, pini ikatoka, kitufe kikabonyezwa mara moja. Puu! Vumbi likapanda. Mhandisi alibaki ameshika spana yake ya kipimo akiitazama, kwa kuwa katika vyote alivyoviondoa, hakuwahi kufikiri kuondoa mapenzi.

Stoo ya matairi ikampata mtu wake, ila hakuwa Kitinda. Mkuu alisema hana hasira, na Dada aliamini. Lakini fundi asiyejua mkono wake unafanya nini haachwi chini ya bawa, na yeye mwenyewe angesema hivyohivyo kwa mwingine. Kilichomuumiza zaidi ni Kitinda. Kwa siku kadhaa kijana hakumsemesha. Siku moja tu, wakipishana mlangoni mwa jiko, alisema, "Nilidhani nimekuwa mwendawazimu, Dada. Ungejua." Dada angemwambia nini? Kwamba sikujua? Kwamba nilikuwa nakushika usianguke?

Kitinda aliporejeshwa kuruka, kiongozi mpya wa mafundi silaha alikuwa Kipara. Dada alisimama mlangoni mwa stoo, mikono mifukoni. Akaona toroli ikiingia chini ya bawa. Akasikia ka! nne. Ndani ya mfuko wake mtupu wa paja, vidole vilikuwa vinazunguka polepole, kulia, kulia, na alivikuta vikifanya hivyo kama mtu anavyomkuta mwizi.

Kitinda alikuwa anavuka uwanja kwenda kwenye ndege. Akapunguza mwendo. Akageuka, akaja mpaka kwenye mlango wa stoo, akaweka buti lake juu ya tairi lililokuwa mbele ya dada yake. Kamba zake zilikuwa zimening'inia, na zilikuwa zimefunguliwa makusudi.

"Nikazie," alisema.

Dada akapiga goti. Akavuta kamba, akavuta tena, akafunga, akarudia fundo juu ya fundo. Safari hii aliitazama mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Inabana?" akauliza.

"Inabana."

"Nilegeze?"

"Iache hivyohivyo," alisema Kitinda, akashusha mguu, akaenda zake kwenye ndege akichechemea kidogo.